Humphry Davy na Metali Iliyojificha Ndani ya Magadi

Jina la Sir Humphry Davy, mtaalamu wa kemia wa Uingereza aliyefariki mwaka 1829, hutajwa mara nyingi kwa ajili ya taa ya wachimba makaa ya mawe. Taa hiyo ilistahili sifa, nasi tutaifikia. Lakini katika miaka hii ambapo viwanda, hasa vya China, vimeanza kutengeneza betri za sodiamu, kazi yake nyingine yastahili kukumbukwa zaidi. Davy ndiye binadamu wa kwanza kuitenga sodiamu na kuiona kwa macho yake, na aliipata kwa nguvu ya betri. Yeye alihangaika kuitoa. Wataalamu wa leo wanahangaika kuipa mahali pa kukaa ndani ya betri, iingie na kutoka mara maelfu bila kubomoa nyumba yake. Ugumu uliompata yeye mwaka 1807 na ule unaowasumbua wao una undugu, ingawa chanzo chake si kimoja.

Humphry alizaliwa tarehe 17 Desemba, 1778, mjini Penzance, katika jimbo la Cornwall, ile pembe ya Uingereza inayochomoza baharini upande wa kusini-magharibi. Ni nchi ya wavuvi na ya migodi ya bati na shaba. Baba yake, Robert, alikuwa mnakshi wa mbao; alipofariki mwaka 1794 aliacha madeni, mjane na watoto watano, Humphry akiwa kifungua mimba. Mwaka uliofuata kijana huyo alitiwa uanagenzi kwa tabibu mmoja wa mjini, ili ajifunze kuchanganya dawa na kufunga vidonda. Hakupata kuingia chuo kikuu hata siku moja. Elimu yake ya kemia aliianza mwaka 1797 kwa kusoma peke yake kitabu cha Lavoisier, Mfaransa aliyekuwa amekatwa kichwa miaka mitatu kabla, wakati wa Mapinduzi. Alikisoma kwa Kifaransa, na majaribio akayafanya kwa vyombo vya jikoni na vya dukani kwa bwana wake.

Bahati ilimjia kwa njia ya watu. Gregory Watt, mwana wa James Watt aliyeitengeneza upya mashine ya mvuke, alikuja kupanga nyumbani kwa mama yake Davy. Wawili hao wakawa marafiki. Habari za kijana mwerevu wa Penzance zikaenea hadi kumfikia Dokta Thomas Beddoes wa Bristol, aliyekuwa akifungua taasisi ya kuwatibu wagonjwa wa kifua kwa kuwavutisha gesi. Mwezi wa Oktoba 1798, Davy akiwa bado hajatimiza miaka ishirini, alikwenda Bristol kuwa msimamizi wa majaribio.

Huko alizivuta gesi mwenyewe, moja baada ya nyingine, jambo ambalo hapana mtu mwenye busara angemshauri alifanye. Mojawapo ilikaribia kumwua. Nyingine, nitrasi oksaidi, ilimfanya acheke na kurukaruka, nayo ikapata umaarufu kwa jina la gesi ya kuchekesha. Katika kitabu chake cha mwaka 1800 alitaja kwamba gesi hii huondoa maumivu na kwamba huenda ingefaa katika kupasua wagonjwa. Hakuna aliyelishika neno hilo, wala yeye mwenyewe hakulifuatilia. Ilipita zaidi ya miaka arobaini ndipo daktari wa meno wa Marekani, Horace Wells, alipoanza kuitumia gesi hiyo mwaka 1844. Wangapi walikatwa miguu wakiwa macho katika miaka hiyo yote, ni hesabu ya kutisha.

Mwaka huohuo wa 1800 ndipo lilipotokea jambo lililogeuza maisha ya Davy. Mwezi wa Machi, Alessandro Volta wa Italia aliandika barua kwenda London akieleza chombo alichokiunda: visahani vya metali mbili, kwa mfano fedha na zinki, vimepangwa kwa zamu kama mnara, na kati ya kila jozi kipande cha kitambaa au karatasi nene kilicholowa maji ya chumvi. Ukigusa ncha mbili za mnara ule, umeme hupita mfululizo. Hiyo ndiyo betri ya kwanza. Kabla ya barua yote kuchapishwa, Waingereza wawili, Nicholson na Carlisle, walikuwa wameshaitumia kuyapasua maji yakawa hidrojeni na oksijeni. Davy naye alijitupa katika kazi hiyo pale pale Bristol, na jambo aliloliona mapema kuliko wengi ni hili: umeme wa Volta hautoki katika kugusana tu kwa metali, kama Volta mwenyewe alivyoamini. Lazima pawe na badiliko la kemia pale ambapo bamba hukutana na maji. Pasipo kuliwa kwa zinki hapana mkondo. Kwa maneno mengine, roho ya betri iko usoni pa bamba.

Mwaka 1801 aliitwa London na Royal Institution, taasisi changa iliyokuwa katika mtaa wa Albemarle, na mwaka uliofuata akawa profesa wake wa kemia akiwa na miaka ishirini na mitatu. Taasisi ile ilikuwa na dhiki ya fedha, na iliyemwokoa ni ulimi wa kijana huyu. Mabwana na mabibi wa mjini walimiminika kusikiliza mihadhara yake. Inasimuliwa kuwa magari ya farasi yalijaa hata mtaa ukafanywa wa kwenda upande mmoja tu. Alipenda kusifiwa, na alipenda mavazi mazuri. Kasoro hiyo itamwandama hadi mwisho. Lakini chini, katika maabara ya ghorofa ya chini ya ardhi, alifanya kazi ngumu kama mhunzi, mara nyingi usiku.

Tarehe 20 Novemba, 1806, alisoma mbele ya Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi wa nchi hiyo, maelezo marefu juu ya jinsi umeme unavyovunja mchanganyiko wa kemia. Hoja yake ilikuwa kwamba nguvu inayozifunga chembe pamoja ni ya jamii moja na umeme, na kwa hiyo betri yenye nguvu ya kutosha itaweza kuzifungua. Taasisi ya Ufaransa ikamtunukia tuzo iliyowekwa na Napoleon, faranga 3,000, ingawa nchi hizo mbili zilikuwa vitani. Walikuwapo Waingereza waliomlaumu kwa kuipokea. Aliipokea.

Sasa yalibaki majaribio ya kuthibitisha hoja hiyo. Tangu zamani watu waliijua potasi, itokayo katika majivu ya kuni, na soda, itokayo katika majivu ya mimea ya pwani na katika maziwa ya chumvi. Zilitumika kutengeneza sabuni na vioo. Wakemia walishuku kwamba si vitu vya asili visivyogawanyika, bali ni mchanganyiko, ila hapakuwa na moto wala asidi iliyoweza kuvivunja. Davy alianza kwa kuyeyusha potasi katika maji na kupitisha umeme. Yaliyovunjika ni maji tu. Potasi ilibaki vilevile. Akaamua kuondoa maji kabisa, akaiyeyusha potasi kavu kwa moto ndani ya kijiko cha platinamu. Mwanga mkali ulitokea upande wa hasi na kitu fulani kikawaka, lakini kila kilichozaliwa kiliungua papo hapo.

Njia ya tatu ndiyo iliyofaulu, mwanzoni mwa Oktoba 1807. Alichukua kipande cha potasi, akakiacha hewani kwa sekunde chache tu ili kivute unyevu wa juu juu wa kutosha kupitisha umeme. Akakiweka juu ya kisahani cha platinamu kilichounganishwa na upande wa hasi wa betri, na waya wa platinamu wa upande wa chanya akaugusisha juu yake. Betri zake zilikuwa masanduku ya mabamba ya shaba na zinki, mengine ya inchi sita, mengine ya inchi nne, yamejazwa maji ya shabu na asidi. Potasi ikaanza kuyeyuka pale ilipoguswa. Juu zikatoka povu. Chini yakatokea matone madogo yenye kung'aa kama zebaki, mengine yakilipuka na kuwaka mara tu yalipozaliwa, mengine yakifunikwa na ukungu mweupe. Ilikuwa potasiamu. Ndugu yake wa ukoo Edmund, aliyekuwa msaidizi wake, alisimulia baadaye kwamba Humphry alirukaruka na kucheza chumbani, ikamchukua muda kutulia aendelee na kazi.

Siku chache baadaye akaigeukia soda. Hapa ndipo panapotuhusu zaidi, na vitabu vingi hupapita haraka kana kwamba soda ilifuata tu nyuma ya potasi. Haikufuata. Betri ileile ya mabamba mia moja ya inchi sita, iliyoweza kuvunja kipande cha potasi chenye unene wa karibu robo ya inchi, ilishindwa na kipande cha soda cha unene huo. Ilimpasa Davy ama kuongeza nguvu ya betri, ama kukipunguza kipande kiwe kidogo na chembamba, hata umbali baina ya metali mbili ukabaki sehemu moja ya nane au ya kumi ya inchi. Alipokifanya chembamba, soda ilikubali. Matone yalitoka yakiwa majimaji kwa joto la kazi yenyewe, na yalipopoa yakaganda, meupe yenye mng'ao wa fedha. Ukiyatupa majini yalielea, yakatoa sauti ya kuchemka na kutoweka. Ilibidi ayahifadhi ndani ya mafuta ya nafta, maana hewa tupu iliyala. Metali laini ya kukatwa kwa kisu, nyepesi kuliko maji: wako waliokataa kuiita metali. Davy akaipa jina sodiamu, kutokana na soda. Berzelius wa Sweden alipendelea jina natiriamu, kutokana na natroni ya Misri, na ndiyo sababu alama yake hadi leo ni Na.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba jambo hili ni la mbali naye. Natroni hiyo ndiyo iliyolipa jina Ziwa Natron la Tanzania, na soda ya Davy ni ya ukoo mmoja na magadi yetu, yale yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya na kutiwa chunguni ili maharage yalainike. Metali ile aliyoiona London ilikuwa imejificha katika kila jiko la nchi hizi tangu enzi za mababu.

Davy alitangaza habari zake tarehe 19 Novemba, 1807. Siku chache baadaye akaanguka kwa homa, akawa mahututi kwa wiki nyingi. Watu waliokuja kuulizia hali yake walikuwa wengi kiasi kwamba taarifa zilibandikwa ili wasome. Alipopona, mwaka 1808, akaendelea akatoa magnesi, kalisi, strontiamu na bariamu. Mtu mmoja, metali sita, katika muda usiozidi mwaka mmoja.

Tusimame kidogo tuone sodiamu imefika wapi. Betri zinazotumika leo katika simu na magari ya umeme nyingi ni za lithiamu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991. Ndani yake chembe za lithiamu zenye umeme, ziitwazo ioni, husafiri kutoka bamba moja hadi jingine wakati wa kujaza, na hurudi wakati wa kutumia. Lithiamu ni haba katika ardhi, na migodi yake iko katika nchi chache. Sodiamu imejaa kila mahali, baharini na nchi kavu. Tena, katika betri ya lithiamu upande wa hasi huhitaji utando wa shaba, ila sodiamu hukubali utando wa alumini, ambao ni rahisi. Kwa nini basi watu hawakuhamia sodiamu zamani? Kwa sababu ioni yake ni pana: nusu kipenyo chake ni nanomita 0.102, ya lithiamu ni 0.076, nanomita moja ikiwa ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Na uzito wake ni zaidi ya mara tatu. Grafiti, ile kaboni ya kalamu za risasi inayoipokea lithiamu vizuri kati ya kurasa zake, huikataa sodiamu. Na katika mango mengine sodiamu huingia polepole, kama mtu mnene anayepita katika uchochoro, na huutanua ukuta kila ipitapo hata ukapasuka. Bati linaloipokea hadi kushiba hufura likazidi mara nne ya ukubwa wake wa kwanza.

Dawa wanayoitumia watafiti ni ileile ya kipande chembamba. Badala ya kuunda bamba kwa punje nene, huliunda kwa chembe, nyuzi au karatasi za unene wa nanomita makumi au mamia. Muda wa ioni kupenya ndani ya mango hufuata mraba wa umbali. Ukipunguza unene mara kumi, muda hupungua mara mia. Chembe ndogo pia huvumilia kufura na kunywea kuliko punje kubwa. Chumvi moja ya sodiamu, vanadi na fosfati, ambayo ikiwa nene haipitishi umeme vizuri, hugeuka kuwa elektrodi ya haraka ikisagwa kwa kiwango hicho na kuvikwa utando wa kaboni. Kwa upande wa hasi, njia ilifunguka mwaka 2000, wakati Stevens na Dahn wa Canada walipoonyesha kwamba kaboni ngumu, inayopatikana kwa kuchoma sukari pasipo hewa, hupokea sodiamu kiasi cha karibu miliampia-saa 300 kwa gramu. Kaboni hiyo si grafiti iliyopangwa kama kitabu. Ni karatasi fupi fupi zilizovurugika, na katikati yake mna vishimo vya ukubwa wa nanomita. Siri yake imo katika mvurugiko huo. Kampuni ya CATL ya China ilipotangaza betri yake ya sodiamu mwezi wa Julai 2021, upande wa hasi ulikuwa wa kaboni ngumu.

Simdai Davy kwamba aliyatabiri haya. Yeye alikuwa akivunja soda iliyo ngumu kupitisha mkondo. Hawa wanafupisha safari ya ioni. Lakini wote walikuta kwamba nguvu kubwa haitoshi pasipo wembamba.

Yeye mwenyewe, kwa jambo la kushangaza, aliusahau upande huo wa somo lake. Alipozidi kupata umaarufu alitaka betri kubwa zaidi, hasa baada ya kusikia kwamba Napoleon amewapa wakemia wa Paris betri kubwa. Wakuu wa London walichanga fedha, na kufikia mwaka 1810 taasisi ilikuwa na betri ya jozi 2,000 za mabamba, zenye uso wa inchi za mraba 128,000. Kwa betri hiyo aliwaonyesha watu upinde wa moto wa umeme baina ya vijiti viwili vya makaa ya kuni, wenye mwanga wa kuumiza macho. Yalikuwa maonyesho makubwa. Elementi mpya haikutoa hata moja.

Mwaka 1812 ulikuwa wa heshima na wa balaa. Mwezi wa Aprili alipewa cheo cha Sir, na siku tatu baadaye akamwoa Jane Apreece, mjane tajiri. Ndoa hiyo haikupata watoto wala, kwa kadiri inavyojulikana, raha. Mwaka huohuo kemikali moja ya naitrojeni na klorini ililipuka mkononi mwake, ikamjeruhi jicho. Alihitaji mtu wa kumwandikia, na kwa mlango huo akaingia kijana Michael Faraday, mwana wa mhunzi na mwanagenzi wa kujalidi vitabu, aliyekuwa amehudhuria mihadhara yake na kumpelekea maelezo yake yamejalidiwa vizuri. Faraday aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara mwezi wa Machi 1813. Mwezi wa Oktoba Davy na mkewe walianza safari ndefu ya Ulaya, kwa ruhusa ya Napoleon huku vita vikiendelea, wakamchukua Faraday awe msaidizi na pia mtumishi wa kuangalia nguo. Lady Davy alimfanya kijana huyo aone kwamba yeye ni mtumishi. Walitazama asili ya iodini huko Paris, wakachoma almasi huko Florence kwa kioo kikubwa cha kukusanya jua ili kuthibitisha kuwa ni kaboni tupu, na Milan wakakutana na mzee Volta mwenyewe.

Waliporudi mwaka 1815, Davy aliombwa kuwasaidia wachimba makaa ya mawe. Gesi ya migodini ilikuwa ikilipuka kwa miali ya taa. Katika mgodi wa Felling peke yake, tarehe 25 Mei, 1812, watu 92 walikufa. Kwa miezi michache alipata jibu: kuuzungushia mwali wavu wa nyaya nyembamba, unaopitisha hewa lakini unaonyonya joto kiasi kwamba moto hauwezi kutoka nje. Alikataa kuiwekea taa hiyo hakimiliki, akiitoa bure kwa wachimbaji. George Stephenson, fundi wa mashine asiye na elimu ya shule, naye alikuwa ametengeneza taa yake wakati uleule, na ugomvi uliozuka haukumpa Davy sifa. Hakuweza kukubali kwamba mtu wa namna ile angefika bila kuiba. Yeye, mwana wa mnakshi wa Penzance.

Mwaka 1820 alichaguliwa kuwa rais wa Royal Society. Katika cheo hicho ndipo alipofanya kazi yake ya mwisho ya betri, nayo ndiyo yenye uchungu kuliko zote. Meli za kivita zilifunikwa chini kwa mabati ya shaba ili kuzuia wadudu watobao mbao, lakini chumvi ya bahari ililiwa na kula shaba. Wakuu wa majini wakaomba ushauri. Davy alijua la kufanya: ukiunganisha na shaba kipande kidogo cha zinki au chuma, bahari inakuwa maji ya betri, zinki inaliwa badala ya shaba, na shaba inasalimika. Majaribio ya mwaka 1824 yalithibitisha hivyo kikamilifu. Vipande vya kinga vikafungwa melini.

Meli zikaanza kwenda polepole. Zilipopandishwa ilionekana kwamba shaba ni nzima kabisa, na juu yake mmeota magugu na makome kwa wingi. Kumbe ule uozo uliokuwa ukiyeyusha shaba ndio uliokuwa ukitia sumu kidogo majini na kuwafukuza viumbe hao. Kwa kuiponya shaba, Davy aliwafungulia mlango. Serikali ikaamuru vipande viondolewe, na magazeti yakamcheka. Kanuni yenyewe ilikuwa sahihi. Hadi leo mabomba ya mafuta na meli za chuma hulindwa kwa vipande vya zinki vya namna hiyo hiyo. Ila uso wa bamba una wateja wengi, na Davy alimhesabu mmoja tu.

Wajenzi wa elektrodi za nanomita wanalijua kosa hilo. Ukisaga bamba kuwa chembe ndogo sana, unaipa sodiamu njia fupi, lakini pia unaongeza mno uso unaogusana na majimaji ya betri. Majimaji hayo huvunjika usoni hapo na kuacha utando, na utando huo hula sehemu ya sodiamu katika kujaza kwa mara ya kwanza, sodiamu isiyorudi tena. Juu ya hayo, unga mwepesi hujaza nafasi kubwa kwa uzito mdogo. Ndiyo maana wengi sasa hukusanya chembe hizo ndogo ndani ya punje kubwa zaidi, zikavikwa kaboni, ili uso wa nje uwe mdogo na njia za ndani zibaki fupi. Kazi hiyo bado inaendelea katika maabara nyingi.

Mwaka 1823 Faraday alipendekezwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na rais aliyempinga alikuwa bwana wake wa zamani. Baadhi walisema ni wivu. Davy alikuwa na manung'uniko yake kuhusu nani aliyetangulia katika majaribio fulani ya sumaku na umeme. Faraday alichaguliwa hata hivyo mwaka 1824, kwa kura zote isipokuwa moja. Miaka kumi baadaye, akitafuta maneno ya kueleza kazi aliyoirithi kwa Davy, alitia katika lugha ya sayansi majina ambayo makala haya yamekuwa yakiyatumia, elektrodi na ioni. Davy alikuwa amekwisha kufa, naye aliishi na kufa pasipo kuwa na jina la vitu alivyovishughulikia maisha yake yote.

Mwishoni mwa mwaka 1826 alipooza upande mmoja wa mwili. Mwaka uliofuata akajiuzulu urais, akaanza kutangatanga Ulaya kwa ajili ya afya, akivua samaki mitoni na kuandika. Alifariki Geneva, Uswisi, tarehe 29 Mei, 1829, akiwa na miaka hamsini, akazikwa huko huko katika makaburi ya Plainpalais.

Wamiliki wa migodi walikuwa wamempa vyombo vya fedha kwa shukrani ya taa. Vyombo hivyo vilipitia kwa ndugu yake John, hatimaye vikauzwa, na fedha zake zikawekwa kwa ajili ya medali yenye jina la Davy, itolewayo na Royal Society. Mara ya kwanza ilitolewa mwaka 1877, kwa Wajerumani Bunsen na Kirchhoff, walioonyesha kwamba kila elementi ikichomwa hutoa rangi yake yenyewe, na kwamba ule mstari wa manjano uonekanao katika karibu kila mwali wa moto ni wa sodiamu.